Mitazamo ya Rangi Iliyo Wazi na Iliyofichika: Jinsi Inavyoongoza Matendo Yetu

1. Utangulizi

Yapo maswali ambayo Kanisa limekwisha kuyajibu katika mafundisho yake, lakini bado halijayajibu katika mwenendo wake. Swali la rangi ni mojawapo. Leo ni vigumu kumpata mchungaji au mwanafunzi wa theolojia atakayesimama mbele ya watu na kutetea fundisho kwamba Mungu ameiweka jamii moja ya wanadamu juu ya nyingine kwa sababu ya rangi ya ngozi. Hata hivyo, mahali pengi duniani mtu mweusi na mtu mweupe wenye sifa zilezile hawapokelewi kwa namna ileile, iwe kazini, iwe ofisini, na hata mlangoni pa kanisa. Ikiwa karibu watu wote wanakiri usawa, ni nani basi anayebagua?

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba ndani ya mtu mmoja mwaweza kuwamo mitazamo miwili juu ya rangi: mmoja anaoujua na kuukiri, na mwingine uliojengeka ndani yake bila yeye kuuchagua. Kila mmoja una eneo lake la utawala. Mtazamo wa wazi huongoza hasa maneno yetu na maamuzi tunayoyapima. Mtazamo uliofichika huongoza yale tunayoyafanya bila kujipima: umbali tunaokaa, muda tunaotoa, sauti tunayotumia, na uamuzi tunaoufanya haraka wakati sababu zaidi ya moja zinapatikana. Kwa hiyo, mahubiri yanayokemea ubaguzi wa wazi peke yake hayatoshi, ingawa ni ya lazima.

2. Maana ya maneno

Kwa neno "mtazamo" tunamaanisha mwelekeo wa moyo na akili kuhusu watu wa aina fulani, yaani kuwa tayari kuwapenda au kuwachukia, kuwaamini au kuwashuku, hata kabla ya kuwafahamu. Mtazamo si tendo, bali ni utayari wa kutenda. Tunauita wa wazi pale ambapo mwenyewe anautambua na aweza kuueleza akiulizwa. Tunauita uliofichika pale ambapo unafanya kazi bila mwenyewe kuutambua, au hata kinyume cha yale anayoyaamini.

Mwanasaikolojia Gordon Allport wa Marekani, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1954 juu ya asili ya chuki baina ya jamii, alikwisha kutofautisha watu wenye chuki isiyo na majuto na watu wenye chuki inayowaletea majuto. Hawa wa pili wameukataa ubaguzi kwa akili zao, lakini hisia za zamani zinaendelea kuishi ndani yao. Wataalamu waliomfuata wamejitahidi kuonyesha kwa majaribio jinsi hisia hizo zinavyotenda kazi.

3. Mtazamo wa wazi na mipaka yake

Tusidhani kwamba mtazamo wa wazi ni jambo dogo. Katika Afrika Kusini, baada ya chama cha National Party kushika serikali mwaka 1948, ubaguzi uliandikwa kuwa sheria. Mwaka 1949 ndoa kati ya watu weupe na watu wa rangi nyingine zilipigwa marufuku, na mwaka 1950 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha wananchi wote kwa rangi zao. Waliotunga sheria hizo walijua walichokuwa wanafanya, wakakitetea hadharani. Ubaguzi wa namna hii unakabiliwa kwa fundisho lililo sahihi, kwa kukemewa waziwazi, na kwa kubadilisha sheria.

Lakini maneno ya mtu si kipimo kamili cha matendo yake. Mtaalamu wa elimu ya jamii Richard LaPiere alisafiri katika Marekani kuanzia mwaka 1930 pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kubwa nchini humo. Walifika katika hoteli, nyumba za wageni na mikahawa 251, wakakataliwa mahali pamoja tu. Baadaye LaPiere aliwaandikia wenye mahali hapo akiwauliza kama wangewapokea wageni wa Kichina. Kati ya 128 waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1934.

Hapa maneno yalikuwa mabaya kuliko matendo. Inawezekana pia kwamba aliyejibu barua hakuwa yule aliyewapokea wageni. Hata hivyo funzo lake limebaki: yale mtu anayoyasema juu ya jamii fulani, na yale anayomtendea mtu wa jamii hiyo aliyesimama mbele yake, ni mambo mawili. Katika siku zetu tofauti hiyo mara nyingi imegeuka upande. Maneno ni mazuri, na matendo ndiyo yanayobaki nyuma.

4. Mtazamo uliofichika hujifunzwaje?

Hakuna mtoto anayezaliwa akiwa amezipanga rangi za watu kwa madaraja. Lakini mtoto huusoma mpangilio wa jamii yake kabla hajajua kusoma kitabu. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth Clark na mkewe Mamie Clark, wote wawili Wamarekani weusi, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto weusi 253 wenye umri wa miaka mitatu hadi saba. Watoto hao walionyeshwa wanasesere weupe na weusi waliofanana kwa yote isipokuwa rangi. Wapatao thuluthi mbili walichagua kucheza na mwanasesere mweupe, na wengi walimtaja mweusi kuwa ndiye mbaya. Kazi ya Clark ilikuwa miongoni mwa tafiti zilizotajwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954, ilipoamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba.

Jambo la kuzingatia ni kwamba waliochagua hivyo walikuwa watoto weusi. Mtazamo uliofichika si mali ya jamii inayotawala peke yake. Huingia pia ndani ya wale unaowadhalilisha.

Nasi wa Afrika Mashariki tulisoma katika shule kama hiyo. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, shule na hospitali za Tanganyika zilitengwa kwa rangi. Miji ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mtoto aliyepita katika mitaa hiyo alijifunza, bila mwalimu, nani hukaa kwenye bustani na nani hukaa kwenye vumbi. Sheria hizo zimeondoka, lakini somo lake halikuondoka siku ileile.

Lugha yenyewe yashuhudia. Neno letu "ustaarabu" lina asili ya Kiarabu, na kwa asili hiyo kustaarabika ni kufuata desturi za Kiarabu. Neno "mshenzi" ni jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara. Leo hakuna anayemfikiria Mwarabu anaposema kwamba fulani ni mstaarabu, wala hakuna anayekusudia kuitukana bara anapokemea ushenzi. Hapo ndipo penye maana kwa ajili ya somo letu: kipimo cha zamani cha watu kimebaki ndani ya neno, ingawa nia ya zamani imesahauliwa. Vivyo hivyo, mtu akichelewa husemwa kwamba anafuata saa za Kiafrika, na mambo yakiwa ya ubabaishaji huitwa mambo ya Kiswahili. Tunacheka, lakini mtoto aliye karibu anasikia na kujifunza.

5. Jinsi mtazamo uliofichika unavyoongoza matendo

Baada ya kueleza jinsi mtazamo huu unavyoingia, yatupasa sasa kuona unavyotoka. Tafiti nyingi zinazojulikana sana katika jambo hili zimefanyika Marekani, nchi ambayo historia yake ya utumwa na utengano imewalazimu wataalamu kulichunguza kwa makini. Tutataja nne.

Kwanza, mwaka 1974 Carl Word, Mark Zanna na Joel Cooper walichapisha uchunguzi juu ya mahojiano ya kazi. Wahojaji weupe walipowahoji waombaji weusi walikaa mbali zaidi, walijikwaa zaidi katika maneno, na walimaliza mahojiano mapema kuliko walipowahoji waombaji weupe. Kisha watafiti waligeuza jaribio. Waliwafundisha wahojaji kuwatendea baadhi ya waombaji weupe kwa namna ileile waliyotendewa weusi. Waombaji hao weupe walijieleza vibaya zaidi na walionekana kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo, anayehoji aweza kwa mwenendo wake mwenyewe kuuzaa udhaifu ule ambao baadaye atauandika kuwa sababu ya kumkataa mwombaji.

Pili, mwaka 1977 Samuel Gaertner na John Dovidio walichunguza utayari wa kumsaidia mtu aliyepatwa na ajali. Washiriki walikuwa wanawake weupe. Walipoamini kwamba hakuna mwingine aliyesikia ajali, asilimia 94 walikwenda kumsaidia majeruhi mweusi na asilimia 81 majeruhi mweupe. Lakini walipoamini kwamba wako wengine waliosikia, waliokwenda kumsaidia mweupe walikuwa asilimia 75, na waliokwenda kumsaidia mweusi walikuwa 38 tu. Pale ambapo kutosaidia kungeonekana wazi kuwa ni ubaguzi, hawakubagua. Pale ambapo palikuwa na udhuru unaokubalika, yaani "mwingine atakwenda", tofauti ya rangi ilijitokeza. Mtazamo uliofichika hupenda kujificha nyuma ya sababu nzuri.

Tatu, mwaka 2002 Dovidio pamoja na Kerry Kawakami na Gaertner walipima mitazamo yote miwili ya wanafunzi weupe, kisha wakawatazama wakizungumza na mtu mweusi. Mtazamo wa wazi ulilingana na upole wa maneno yao. Mtazamo uliofichika ulilingana na mwenendo wa miili yao, kama macho na namna ya kukaa. Yule mweupe alijipima kwa maneno yake, akatoka akiamini kwamba mazungumzo yalikuwa mazuri. Yule mweusi alimpima kwa mwenendo wake, akatoka na hukumu nyingine. Wawili hao waliketi katika chumba kimoja, na wote wawili walisema kweli juu ya kile walichokiona.

Nne, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walipeleka maombi ya kazi yapatayo 5,000 kwa waajiri wa miji ya Boston na Chicago, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Maombi yalifanana, isipokuwa baadhi yalikuwa na majina yanayotumiwa zaidi na weupe, kama Emily na Greg, na mengine majina yanayotumiwa zaidi na weusi, kama Lakisha na Jamal. Mwenye jina la kizungu alihitaji kutuma maombi kama 10 ili aitwe mara moja. Mwenye jina la watu weusi alihitaji kama 15. Hatuwezi kusema ni wangapi kati ya waajiri hao walikusudia kubagua na ni wangapi hawakukusudia. Kwa yule ambaye simu yake haikulia, tofauti hiyo haikumsaidia kitu.

6. Tahadhari

Yatupasa pia kusema yale ambayo elimu hii haiwezi kuthibitisha. Tangu mwaka 1998 umeenea mtihani wa kompyuta uliobuniwa na Anthony Greenwald na wenzake, unaopima kasi ya mtu katika kuunganisha sura za watu weusi au weupe na maneno mazuri au mabaya. Mtihani huo umetoa mwanga mwingi juu ya makundi ya watu, lakini si kipimo cha kuaminika cha moyo wa mtu mmoja. Mtu yuleyule aweza kupata matokeo tofauti akiurudia, na kwa matokeo yake ni vigumu kutabiri atakavyotenda. Aidha, mapitio ya tafiti 492 yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakupata ushahidi kwamba kuyabadilisha matokeo ya vipimo vya namna hii kunabadilisha pia matendo.

Kwa hiyo tujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kumhukumu ndugu kwa kusema kwamba tunaujua moyo wake kuliko yeye mwenyewe. La pili ni kuufanya mtazamo uliofichika kuwa kichaka cha kujifichia, kana kwamba lisilojulikana halina wa kuliwajibikia.

7. Nuru ya Maandiko na ya maungamo yetu

Mtume Petro ni mfano ulio wazi kuliko wote. Huko Yafa alifundishwa kwa maono, na katika nyumba ya Kornelio alikiri kwa kinywa chake kwamba Mungu hana upendeleo (Mdo. 10). Fundisho lake lilikuwa sahihi. Huko Antiokia alikula pamoja na watu wa Mataifa, lakini walipofika watu waliotoka kwa Yakobo alijitenga kidogo kidogo, na wengine, hata Barnaba, wakamfuata (Gal. 2:11-14). Petro hakubadilisha mafundisho yake, alibadilisha meza tu. Paulo naye hakumwuliza kama anaamini usawa. Alimpinga kwa sababu mwenendo wake haukwenda sawasawa na kweli ya Injili. Hatusemi kwamba Petro hakujua alichokifanya, maana Paulo anataja hofu na unafiki. Tunasema kwamba ungamo lililo sahihi halikutosha kumzuia asiinuke mezani.

Yakobo naye, anapoukemea upendeleo katika kusanyiko (Yak. 2:1-4), hatazami kwanza mafundisho, bali nani anaonyeshwa kiti kizuri na nani anaambiwa asimame. Mfano wake ni wa tajiri na maskini, lakini mahali anapoutafuta upendeleo ni palepale tulipopaona katika tafiti: katika umbali na kiti, na katika neno la haraka.

Maungamo yetu ya Kilutheri yanatusaidia kwa namna ya pekee. Katika Katekismo Ndogo, Martin Luther anafundisha kwamba mbele za Mungu tuungame dhambi zote, hata zile tusizozitambua. Ungamo la Augsburg, katika makala ya 11, linakubali kwamba haiwezekani mtu kuzihesabu dhambi zake zote, likimtegemea mwandishi wa Zaburi ya 19. Kwa hiyo Mlutheri hapaswi kushangaa akiambiwa kwamba ndani yake yamo asiyoyajua, kwani huungama hivyo kila Jumapili. Na kwa kuwa ahesabiwa haki kwa neema na si kwa usafi wa moyo wake, aweza kusikiliza habari mbaya juu yake mwenyewe bila kulazimika kujitetea.

8. Desturi inapogeuka kuwa fundisho

Huenda msomaji akauliza: kama ni mambo madogo ya viti na macho, mbona tuyape uzito huu? Historia ya Kanisa inajibu. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kireformati la Kidachi huko Rasi, Afrika Kusini, ilikiri kwamba kulingana na Maandiko yafaa waumini walioongoka kutoka upagani wapokelewe katika sharika zilizopo. Lakini iliongeza ruhusa: pale ambapo udhaifu wa baadhi ya watu ungelizuia jambo hilo, waumini hao wangeweza kuabudu mahali pa peke yao. Fundisho halikuguswa. Kilichopewa nafasi kilikuwa ni hisia za wale waliokosa raha kukaribia meza moja na ndugu zao. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee kwa ajili ya watu wa rangi. Katika karne ya ishirini utengano uliokubaliwa kama udhaifu ulitetewa na wanatheolojia kama mapenzi ya Mungu.

Makanisa ya Kilutheri hayakuwa na usafi wa kujivunia. Mwezi Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu wa sita katika jiji la Dar es Salaam, na hapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza kama Rais. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa mfumo wa ubaguzi wa Afrika Kusini hadharani na bila utata ni jambo la ungamo la imani, wala si suala la maoni ya kisiasa tu. Mwaka 1984 huko Budapest, uanachama wa makanisa mawili ya weupe ya Kusini mwa Afrika ulisimamishwa kwa kuwa hayakuwa yameukataa mfumo huo.

Kati ya 1857 na 1977 ni miaka 120. Udhaifu mdogo ulioonewa huruma katika sinodi moja ulihitaji muda huo wote kabla ya familia ya makanisa yetu kuutaja kwa jina lake.

9. Wajibu wa mchungaji na wa usharika

Tufanye nini basi? Allport alieleza kwamba chuki hupungua watu wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wakitafuta lengo moja, wakishirikiana kazi, na wakiungwa mkono na wenye mamlaka. Kukutana kwa mwenye kutoa na mwenye kuomba hakutimizi masharti hayo. Uhusiano wetu na sharika rafiki za Ulaya na Marekani hauna budi kupimwa hapo. Katika sharika nyingi mgeni mweupe, hata akiwa kijana asiye na wadhifa wowote, huketishwa mbele na kupewa nafasi ya kusalimu, huku mwinjilisti aliyetembea kutoka mtaa wa mbali akibaki benchi la nyuma bila kutajwa. Ukarimu kwa mgeni ni jambo jema, na hatusemi uondolewe. Tunasema baraza la wazee liulize kama mgeni mweusi kutoka Kongo au Msumbiji angepokewa vivyo hivyo.

Pili, kwa kuwa mtazamo uliofichika hutawala hasa pale pasipo na utaratibu, tuweke utaratibu. Tunapochagua watu kwa kazi, masomo au safari, sifa zinazotakiwa ziandikwe kabla ya majina kusomwa. Muda wa kuwasikiliza waombaji uwe mmoja kwa wote. Sababu za kumkataa mtu ziandikwe, na baada ya mwaka zisomwe tena kwa pamoja, ili ionekane kama udhuru uleule umewaangukia watu walewale.

Tatu, tuyatazame mafundisho ya watoto: picha za Shule ya Jumapili, rangi ya malaika na ya shetani ndani yake, na mizaha yetu mbele yao.

Nne, tumsikilize aliyetendewa. Utafiti wa mwaka 2002 umeonyesha kwamba mtenda hujipima kwa maneno yake, na mtendewa humpima kwa mwenendo wake. Mshiriki anaposema kwamba hakupokewa vizuri, swali la kwanza la mchungaji lisiwe kama aliyempokea alikusudia ubaya. Liwe ni kile kilichotendeka: alisalimiwa na nani, aliketishwa wapi, alisikilizwa kwa muda gani. Wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa huduma ya sharika waanze kujizoeza kuuliza maswali hayo wakiwa bado chuoni, katika bweni na katika chumba cha chakula, ambako watu wa nchi na rangi mbalimbali hukaa pamoja kila siku, na ambako rahisi sana meza zikagawanyika bila mtu yeyote kutoa amri.